Kibaba na Mashudu: Habari za Kulisha Ng'ombe wa Nyama katika Njia ya Zamani ya Misafara

Wahariri wa kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu wameniomba niandike habari za ng'ombe wa nyama katika nchi ya Tabora, na hasa juu ya jambo moja ambalo limezungumzwa mno katika mikutano yetu bila kumalizika: je, yafaa mfugaji kutoa fedha yake anunue nafaka na mashudu ya kumpa ng'ombe, au ni kutupa mali? Wengine wamesema yafaa, wakamtaja jirani aliyepata faida. Wengine wamesema haifai, wakamtaja jirani aliyepata hasara. Pande zote mbili zimesema kweli. Nitajaribu kueleza kwa nini, na kwa kuwa nimeagizwa kuandika historia nitaanza mbali kidogo, katika siku ambazo mizigo yote ya nchi hii ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu.

Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa chini ya milima, ikaingia Marenga Mkali ambako maji ni machache na machungu, ikapita Ugogo ambako kila mtawala alidai hongo yake, ikakata pori la Mgunda Mkali, ikatokeza Tura katika mpaka wa Unyamwezi, na mwisho ikafika Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, karibu na mji wetu wa leo wa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani, wakapokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir, mfanya biashara Mwarabu. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda upesi zaidi, maana waliijua njia na hawakuwa na makorokoro ya wageni.

Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70. Posho yake ya kila siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kama ratili moja na nusu. Basi mtu na apige hesabu. Mpagazi aliyechukua mtama mtupu, akala katika mzigo wake mwenyewe, angaliumaliza wote kwa siku 46 hivi, naye hajafika Unyanyembe. Kwa sababu hiyo hakuna tajiri aliyefanya biashara ya kupeleka nafaka toka pwani hadi bara. Pembe za ndovu zilivumilia gharama ya njia; nguo, shanga na nyaya zilivumilia; mtama haukuvumilia. Nafaka ilipaswa kuliwa karibu na mahali ilipolimwa, na kwa hiyo vijiji vya njiani vililima akiba ya kuwauzia wasafiri, na Mpwapwa ikawa mahali pa kununua chakula kabla ya kuingia nyikani. Namwomba msomaji aishike hesabu hii ya kibaba, maana nitairudia nitakapofika kwenye lori.

Ng'ombe ni mali ya namna nyingine. Yeye hambebeshi mtu. Huenda kwa miguu yake, na nyasi anazokula njiani hazina bei. Jambo hilo halikujulikana kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika bonde la Ohio, wakulima walivuna mahindi mengi yaliyokuwa mbali mno na miji ya pwani, na gharama ya kuyasafirisha ingalikula bei ya mahindi yenyewe. Mwaka 1805 mkulima mmoja aitwaye George Renick aliwanenepesha ng'ombe kwa mahindi, akawaswaga kwa miguu kuvuka milima mpaka Baltimore, akapata faida. Mahindi yalikwenda sokoni yakiwa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Wengi wetu tusikiapo habari za Wamarekani hudhani kuwa hulisha ng'ombe nafaka kwa sababu ni matajiri. Kumbe walianza kwa sababu mahindi yao hayakuwa na mnunuzi wa karibu.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Nafaka ya Unyanyembe ilikuwa na mnunuzi mlangoni kila msafara ulipotua, bali ng'ombe hawakuweza kukaa kila mahali, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ni miombo yenye mbung'o. Makundi yalikuwa katika nchi zilizo wazi, na wachungaji wengi walikuwa Watusi waliohamia Unyamwezi, wakichunga ng'ombe wao wenyewe na wa watemi na wa matajiri. Katika hali hiyo hakuna mtu mwenye akili ambaye angalimpa ng'ombe mtama. Mtama ulikuwa posho ya watu.

Lakini isidhaniwe kwamba wazee hawakuongeza kitu juu ya nyasi. Baada ya mavuno ng'ombe waliingizwa mashambani wale mabua na majani yaliyosalia. Machicha ya pombe hayakutupwa. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka katika chemchemi za huko na kuuzwa mbali sana, ilikuwa bidhaa kubwa ya njia ya magharibi. Na katika nchi ya Wasukuma, pamoja na Nzega na Igunga kwetu, iko desturi ya ngitili: kuifunga sehemu ya machunga wakati wa mvua ili nyasi zikomae na kukauka zikiwa zimesimama, kisha kuifungua wakati wa kiangazi kikali. Desturi hii ilidhoofika sana katika karne ya 20, ikafufuliwa na mradi wa HASHI ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986. Mimi naihesabu ngitili kuwa msingi wa yote nitakayosema hapa chini. Mtu asiye na nyasi kavu za kutosha na asinunue mashudu, kwa sababu nitakayoieleza.

Misiba miwili ya zamani haina budi kutajwa. Wa kwanza ni sotoka, iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, hata nchi zilizokuwa machunga zikarudi kuwa vichaka na mbung'o akaenea. Ugonjwa huo umekwisha duniani; ulitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Msiba wa pili ni njaa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi sana walikufa katika nchi iyo hiyo ambayo zamani iliwauzia chakula wasafiri.

Naitaja njaa hiyo kwa sababu nafaka na ng'ombe ni pande mbili za mzani mmoja. Mwaka wa ukame kila mtu hupeleka ng'ombe mnadani apate gunia la mahindi. Ng'ombe ni wengi tena wamekonda, wanunuzi ni wachache, na bei ya gunia imepanda. Mwaka kama huo kumpa ng'ombe mahindi ni kosa kwa hesabu, na ni aibu mbele ya majirani. Mwaka wa neema mambo hugeuka. Kwa hiyo anayeuliza kama yafaa kulisha ng'ombe nafaka na aulizwe kwanza: mwaka gani?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tangu hapo Tabora ikawa njia panda ya namna mpya: ng'ombe wa Usukuma walioshuka kwa reli kwenda Dar es Salaam walipita hapa, na pamba ya Ziwa ikapita hapa pia. Mwaka 1947 ikaundwa kampuni ya Tanganyika Packers, iliyokuwa na kiwanda cha nyama ya kopo huko Kawe. Kiwanda hicho kiliacha kazi zamani, lakini kiliacha alama katika fikira zetu za biashara. Nyama ya kopo haihitaji mafuta mengi, wala ng'ombe mzee aliyekonda hakukataliwa. Mfugaji alijifunza kuuza vichwa, wala hakujifunza kuuza uzito. Hata leo katika minada mingi ng'ombe huuzwa kwa jicho, na mwenye jicho kali ni mchuuzi, si mfugaji.

Mwaka huo wa 1947 ndio ulioanza mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza katika Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu, uliokusudiwa kuipatia Uingereza mafuta. Mvua na udongo havikuchunguzwa inavyopasa, mashine ziliharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Urambo ikageukia tumbaku. Kongwa ikawa machunga ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangaliweza kuwaambia tangu siku ya kwanza.

Elimu iliyo ya kufaa zaidi ilitoka Mpwapwa, pale pale ambapo misafara ilinunua nafaka. Wajerumani waliweka kituo cha mifugo huko mwaka 1905, nacho kipo hata sasa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu M. H. French alifanya kazi Mpwapwa akipima vyakula vya ng'ombe vya nchi hii: nyasi za kila majira, mabua, mashudu, pumba. Mwaka 1957 yeye na H. P. Ledger walitoa taarifa juu ya uzito wa ng'ombe katika Afrika Mashariki, jinsi unavyopanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Wachungaji walilijua jambo hilo kwa macho. Sasa likapata tarakimu.

Sababu ya kukonda yafaa ielezwe vizuri, maana hapo ndipo fedha zetu zinapopotea. Nyasi changa za Januari zina protini, yaani kijenzi cha mwili, ya kutosha. Nyasi zile zile mwezi wa Septemba zina sehemu 3 au 4 tu katika 100. Ng'ombe ni mnyama anayecheua. Nyasi zake humeng'enywa na viumbe vidogo sana vilivyomo katika tumbo lake la kwanza, na viumbe hivyo huhitaji protini ya sehemu kama 7 katika 100 ili vifanye kazi. Chini ya hapo kazi hupungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe huona ameshiba, akaacha kula. Hivyo aweza kukonda akiwa amesimama katikati ya nyasi nyingi. Kosa haliko katika wingi wa chakula.

Sasa tazama tofauti ya mashudu na nafaka. Ukimpa ng'ombe huyo mashudu kidogo, vile viumbe hupata protini, nyasi humeng'enywa upesi, hamu hurudi, naye hula nyasi kavu nyingi zaidi kuliko jana. Kilo moja ya mashudu imezipa thamani kilo kadhaa za nyasi ambazo hukuzinunua. Lakini ukimpa mahindi mengi, huziacha nyasi akangojea mahindi. Umenunua chakula ili kiondoe chakula cha bure. Tena mahindi yana protini kama 9 tu katika 100, kwa hiyo hayaponyi upungufu wenyewe. Mashudu ya pamba yenye maganda yana 20 na kitu, na yaliyoondolewa maganda hufika 40. Ya alizeti hutegemea maganda vilevile. Basi katika nchi ya nyasi kavu protini hutangulia na nafaka hufuata, wala si kinyume chake. Ndiyo sababu nilisema asiye na nyasi kavu asinunue mashudu: hana kitu cha kutiwa thamani.

Wengi hununua mashudu kwa kutazama bei ya gunia. Hilo ni kosa. Kama mashudu ya aina moja yana protini 22 katika 100 na ya aina nyingine yana 40, basi kilo ya yale ya pili yaweza kuuzwa karibu mara moja na nusu na robo ya bei ya yale ya kwanza na bado usipate hasara. Na hapa narudi kwenye kibaba cha mpagazi. Lori hutoza kwa uzito, halijali kama limebeba protini au maganda. Kadiri safari iwavyo ndefu, ndivyo chakula chenye nguvu kinavyokuwa rahisi na chakula hafifu kinavyokuwa ghali. Mfugaji aliye karibu na mashine ya kukoboa mpunga huko Igunga au Nzega na atumie pumba za mpunga apendavyo. Lakini kuzichukua pumba zilizojaa maganda kutoka huko hadi Sikonge au Kaliua ni kufanya kama yule mpagazi aliyekula mzigo wake.

Nitoe mfano wa tarakimu, si kwa sababu kila ng'ombe atafuata hivi, bali msomaji apate njia ya kuhesabu wake. Chukua maksai wa kienyeji wa kilo 220 mwezi wa Julai. Akiachwa na nyasi kavu peke yake siku 90, tuseme amepungua kilo 20. Mwenziwe, aliyepewa kilo moja ya mashudu kila siku juu ya nyasi zile zile, tuseme ameongezeka kilo 20. Tofauti yao ni kilo 40, nayo imeletwa na kilo 90 za mashudu, chini ya gunia moja kubwa. Ni kama kilo mbili na robo za mashudu kwa kila kilo ya ng'ombe hai. Sasa chukua wa tatu, aliyefungwa zizini akalishwa kila kitu kwa kununua. Atakula kilo tano na nusu hivi kwa siku, karibu nusu tani kwa siku 90. Akiongezeka kilo 63, amekula karibu kilo nane kwa kila kilo moja aliyoongeza, na mtu wa kumhudumia na maji ni juu yake.

Huyu wa tatu aweza kuleta faida pia, lakini kwa sharti mbili. Kwanza, bei ya kilo ya ng'ombe hai iwe zaidi ya mara nane ya bei ya kilo ya chakula, pamoja na nafasi ya gharama nyingine. Pili, awepo mnunuzi atakayelipa bei bora kwa kila kilo kwa sababu ng'ombe amenona, maana hapo zile kilo 220 za mwanzo nazo hupanda bei, wala si zile 63 peke yake. Wanenepeshaji wa Shinyanga na Mwanza, wanaonunua ng'ombe waliokonda minadani na kuwalisha mashudu na maganda ya pamba miezi mitatu hivi, hupata faida yao pande zote mbili, tena wako karibu na viwanda vya mafuta. Anayewaiga akiwa mbali na kiwanda, akauza kwa jicho mnadani kwa bei ya wote, amechukua gharama yao bila faida yao.

Sikukuu ya Idi el-Haji hutoa bei nzuri kwa dume zuri. Lakini sikukuu hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwenye kunenepesha kwa ajili yake hana budi kuhesabu siku 90 kurudi nyuma tangu tarehe yake, asifuate mazoea ya mwaka jana. Krismasi haisogei.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni kama ng'ombe wote wa zizi walishwe. Jibu langu ni hapana, nami najua halipendezi. Maksai mchanga ambaye hatauzwa mpaka mwaka ujao akikonda kidogo mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha atakua upesi kuliko mwenziwe aliyelishwa, na kufika Aprili tofauti yao itakuwa imepungua sana. Fedha ya mashudu aliyopewa imeliwa na mvua. Anayestahili mashudu ni yule atakayeuzwa kabla ya mvua, na ng'ombe jike mwenye mimba asije akaanguka, na ndama aliyeachishwa maziwa, kidogo kidogo. Uangalifu mmoja: mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia kwa kiasi, lakini ndama mdogo, nguruwe na kuku hawaivumilii. Hao wapewe alizeti.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mavuno yalikuwa mengi, mahindi yakawa hayana bei, nami nikaona nimepata nafasi ya kuwa kama Mmarekani. Niliwafunga maksai wanane, nikawamwagia mahindi yaliyosagwa washibe, siku ya kwanza tu. Siku ya tatu mmoja alilala akawa hainuki, tumbo limejaa kama ngoma, kinyesi chake maji ya uchachu. Siku ya nne alikufa, na wawili wengine waliacha kula kwa juma zima. Sikuwa nimeambiwa, au niliambiwa sikusikia, kwamba nafaka nyingi kwa ghafula huleta tindikali tumboni, na kwamba lazima iongezwe kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu, na majani makavu yasikosekane kamwe. Faida ya wale saba haikufika bei ya yule mmoja. Mke wangu, aliyekuwa ametaka tuyauze yale mahindi kwa bei yoyote, hakusema neno, na ningalipendelea aseme.

Nafaka ikitumika, basi itumike mwishoni, katika majuma ya mwisho kabla ya kuuza, na ivunjwe. Mtama mzima hupita tumboni ukatoka kama ulivyoingia. Wenye kufagia zizi wameuona. Nafaka hutolewa kila siku kwa saa zake. Mashudu hayadai hivyo: mwili wa ng'ombe hujua kuirudisha tumboni sehemu ya protini iliyozidi, na kwa hiyo posho ya siku saba yaweza kugawanywa mara tatu kwa juma bila hasara kubwa. Hili ni jambo jema kwa mfugaji ambaye machunga yake yako mbali, maana mtu wa kupeleka chakula ni gharama kama chakula. Na maji yasisahauliwe. French aliyetajwa alionyesha pia kuwa ng'ombe asiyenyweshwa kila siku hupunguza kula. Anayekwenda kisimani siku moja na kuachwa siku ya pili hawezi kuyatumia mashudu unayomnunulia.

Kuhusu mashudu ya karanga, ambayo Urambo na sehemu nyingine zetu zingeweza kuyatoa, ni chakula bora sana yakiwa makavu. Yakipata unyevu hushikwa na ukungu wenye sumu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na kwa kuwachunguza hao wataalamu wakaitambua sumu hiyo, aflatoksini, ambayo twaisikia sana siku hizi katika mahindi. Gunia lililoota ukungu halitengenezwi kwa kuanikwa.

Imebaki sehemu ya Chama. Mkulima wa Igunga au Nzega apelekapo pamba kupimwa, karibu theluthi mbili ya uzito ule si nyuzi, ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, mashudu hubaki, na sehemu ya mashudu ya nchi yetu huvuka mpaka kwenda kulisha ng'ombe wa Kenya. Sisi huyanunua mashudu yaliyobaki gunia moja moja, mwezi wa Oktoba, bei ikiwa juu, kutoka mikononi mwa watu watatu au wanne waliopokezana. Mara moja nilifungua magunia niliyouziwa nikakuta mchanga chini ya kila moja. Kwa gunia moja moja hapakuwa na wa kumshitaki. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika mageuzi hayo na ya miaka ya 1990 uchambuaji wa pamba uliingia mikononi mwa wengi. Sidai kwamba Chama kijenge kiwanda cha mafuta. Tumeona viwanda vingi vikisimama. Nadai kitu kidogo zaidi.

Msimu wa kununua pamba huanza Mei au Juni, na wakati ule ule mashine za kuchambua na za kukamua huanza kazi, nazo nyasi zetu huanza kukauka. Mashudu ni mengi Julai na Agosti, mfugaji hana haja nayo bado, na mwenye kiwanda hutafuta mahali pa kuyaweka. Chama cha msingi chenye wanachama watakaotoa maksai 200 kwa jumla chahitaji tani 18 kwa siku 90, kwa posho ya kilo moja. Hizo ni tani za kwenda kutafuta bei kiwandani kwa barua ya Chama Kikuu, kupimwa protini yake kabla ya kulipiwa, na kuletwa kwa safari moja au mbili badala ya arobaini. Kila mwanachama aandikishe maksai wake mwezi wa Juni kwa idadi na kwa uzito, uliokisiwa kwa kamba ya kifua kama mizani haipo, na alipe sehemu ya thamani wakati huo huo, asiyelipa asiandikwe. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, katika ghala iliyo kavu. Yasiwekwe katika ghala ya tumbaku, hata ikiwa na nafasi, maana tumbaku hushika harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo, na wenzetu wa tumbaku wana mnunuzi anayenusa.